Majira Mema ya Mawimbi

Mkulima hapandi kwa sababu tu ana jembe. Hupanda kwa sababu mvua imekaribia. Hata awe na nguvu kama tembo, akipanda wakati wa kiangazi atavuna vumbi. Jambo hilo twalijua sote tangu utoto wetu. Lakini wako watu wengine duniani wanaoyangoja majira yao vivyo hivyo, ingawa shamba lao halionekani kwa macho. Watu hao ni wapenzi wa redio. Kila mwaka, katika miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba, majani ya miti yanapopukutika Ulaya na Marekani ya Kaskazini, wao hufurahi kama mkulima aonaye mawingu meusi.

Tunaposema wapenzi wa redio, hatusemi wale wanaosikiliza habari na nyimbo tu. Twasema wale wenye mtambo wao wenyewe nyumbani, ambao kwa huo husikia na kujibu. Kila mmoja hufanya mtihani, hupata ruhusa ya serikali yake, na hupewa jina la herufi na tarakimu lisilofanana na la mwingine. Majina ya Kongo huanza na 9Q, ya Rwanda 9X, ya Burundi 9U. Hawaruhusiwi kufanya biashara kwa mawimbi yao, wala hawalipwi hata senti. Mmoja huita kwa herufi CQ, maana yake «nawaita wote», kisha hunyamaza na kusikiliza. Labda atajibiwa na jirani; labda na mtu wa Japani. Hapo ndipo ilipo furaha yao.

Zamani watu hao walidharauliwa. Wakubwa wa simu isiyo ya waya waliamini kwamba mawimbi marefu peke yake ndiyo yafikayo mbali, tena kwa mitambo mikubwa sana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwaachia wapenzi wa redio mawimbi yasiyozidi meta 200, kama vile mtu anavyompa mdogo wake kipande cha shamba chenye mawe. Wao hawakununa, walilima palepale. Mwezi wa Novemba 1923, Léon Deloy wa mji wa Nice, Ufaransa, akasemezana na Fred Schnell wa Marekani, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, kwa wimbi la meta 100 hivi. Shamba la mawe kumbe lilikuwa na rutuba kuliko yote.

Mwaka uliofuata likatokea jambo ambalo ninyi wanafunzi mtapenda kulisikia. Katika shule ya Mill Hill, jijini London, alikuwako kijana wa miaka 18, jina lake Cecil Goyder. Tarehe 18 Oktoba 1924, kwa mtambo wa shuleni, alisemezana kwa alama za Morse na Frank Bell, aliyekuwa kwenye shamba la kondoo huko New Zealand. Kati yao palikuwa na karibu kilometa 19,000, yaani karibu umbali wote uwezekanao juu ya dunia hii. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa Uingereza na New Zealand kusemezana hivyo moja kwa moja. Baadaye Goyder akawa mhandisi mkuu wa redio ya India. Na Brenda, dada yake Bell, akaushika mtambo wa kaka yake. Mwaka 1927 akawa mtu wa kwanza wa New Zealand kusemezana kwa redio na Afrika ya Kusini.

Mtauliza: wimbi hilo lilifikaje, nalo huenda moja kwa moja, hali dunia ni mviringo? Jibu liko juu ya vichwa vyetu. Mwanga mkali wa jua hupiga hewa ya juu sana na kuzivunja chembe zake, hata zikawa na umeme. Sehemu hiyo wataalamu huiita ionosfera. Tabaka lake la juu, kilometa 200 hadi 400 kutoka chini, huyapinda mawimbi mafupi na kuyarudisha duniani, kama ukuta urudishavyo mpira. Wimbi hugonga ardhi au bahari, hupanda tena, hushuka tena, hata lifike mbali. Lakini liko na tabaka la chini, kati ya kilometa 60 na 90, ambalo mchana huyameza mawimbi, hasa yale yaliyo marefu kidogo, usiku hutoweka.

Basi, kwa nini majira ya majani kupukutika ni mema? Kwanza, katika nchi za kaskazini jua la kiangazi kikali limepungua; tabaka la chini halimezi sana, na ngurumo za radi, ambazo hujaza redio makelele, zimetulia. Pili, hewa ya juu hubadilika wakati huo, hata chembe za umeme za tabaka la juu huwa nyingi mchana kuliko zilivyokuwa wakati wa joto. Tatu, karibu na tarehe 23 Septemba jua huwa juu ya ikweta, nayo kaskazini na kusini hupata mwanga sawasawa. Hata mwezi wa Oktoba, asubuhi ya London hukutana na jioni ya New Zealand. Goyder na Bell walikuwa na akili na bidii. Tena majira yaliwasaidia.

Juu ya majira ya mwaka yako majira mengine marefu zaidi. Uso wa jua una madoa meusi, nayo huongezeka na kupungua kwa muda wa miaka 11 hivi. Madoa yakiwa mengi, ionosfera hupata nguvu. Mwaka 2019 jua lilikuwa karibu safi, na wimbi la meta 10 likanyamaza siku nyingi. Halafu madoa yakarudi, yakafika kilele mwaka 2024. Katika miezi hiyo mizuri ya 2023 na 2024, mtu wa Ulaya aliweza kusemezana na Marekani mchana kwa wati 5, nguvu isiyotosha hata kuwasha taa ya zamani ya umeme. Lakini jua hilohilo huweza kuharibu. Tarehe 3 Oktoba 2024 lilipasuka kwa nguvu sana, na mawimbi mafupi yakafifia upande wote wa dunia uliokuwa mchana, pamoja na Afrika yetu.

Baada ya kilele jua huanza kushuka, na kilele kingine chatazamiwa katikati ya miaka ya 2030. Mpenzi wa redio mwenye miaka themanini ajua vema maana yake: huenda hatakiona tena. Ndiyo sababu wazee wengi hukesha mwishoni mwa Oktoba na mwishoni mwa Novemba, wakati wa shindano kubwa la dunia la saa 48, kwanza kwa sauti, kisha kwa Morse. Si kwa ajili ya ushindi tu. Wakati umefunguliwa, nao utafungwa.

Nasi huku Kongo tusidhani kwamba jambo hili si letu. Wengi wetu twaijua foni ya misioni, ile iliyounganisha parokia na parokia msituni. Sauti ya padre iliyosikika wazi asubuhi ilipotea jioni, nasi tukailaumu mashine au betri. Mara nyingi mashine haikuwa na kosa. Saa ilikuwa imebadilika huko juu.

Mwanafunzi mwenye redio ndogo ya mawimbi mafupi na ajaribu. Jioni, azungushe kishikio polepole kwenye wimbi la meta 40. Huenda atasikia sauti ya kukwaruza kama ya bata. Asiicheke, wala asiipite upesi: redio yake haina tu kile kipande cha kuikamilisha sauti ya namna hiyo. Yule si bata. Ni mtu, labda katika nchi ambayo jani la mwisho linaanguka mlangoni pake, naye anaita wote, kisha ananyamaza ili asikilize kama kuna atakayemjibu.