SHULE ZA UMMA NA SIKUKUU ZA DINI: JE, ZIFUNGWE?

Mada hii inafaa kwa insha ya hoja na kwa mdahalo. Wanafunzi wengi huikimbilia wakiiona nyepesi, kisha hupoteza alama kwa sababu wanaandika mahubiri badala ya hoja. Mtahini hakuulizi dini yako. Anakuuliza kama unaweza kupima jambo linalowagusa watu wa imani tofauti, ukalitolea uamuzi wenye sababu. Soma maelezo haya hatua kwa hatua, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni bila kutazama nyuma.

1. Maana ya maneno ya msingi

Kabla ya kuandika hoja hata moja, tofautisha mambo manne yafuatayo.

(a) Shule ya umma ni shule inayomilikiwa na kuendeshwa na serikali kwa kodi za wananchi wote. Shule ya seminari au ya taasisi ya Kiislamu si shule ya umma. Hiyo inaweza kuwa na kalenda yenye ibada zake.

(b) Sikukuu ya dini ni siku inayoheshimiwa na waumini wa dini fulani.

(c) Sikukuu ya umma ni siku ya mapumziko kwa nchi nzima iliyotajwa na sheria. Sikukuu nyingine za dini ni sikukuu za umma, nyingine siyo.

(d) Kufunga shule ni kusimamisha masomo kwa wanafunzi wote. Kutoa ruhusa ni kumwacha mwanafunzi mmoja au kundi lisihudhurie, huku shule ikiendelea. Insha nyingi huchanganya mambo haya mawili. Wewe usiyachanganye, kwa sababu uamuzi wa mada yote umelala hapa.

2. Katiba inasemaje?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ina ibara nne za kukumbuka katika mada hii.

Ibara ya 3 inaeleza kwamba nchi yetu haina dini. Watu wake wanazo dini, lakini serikali haifuati hata moja. Ibara ya 13 inaeleza usawa mbele ya sheria na kukataza ubaguzi, ukiwemo wa dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuamini, kuabudu na hata kubadili dini yake. Ibara ya 30 inaweka mpaka: haki ya mtu mmoja isitumike kwa namna inayovunja haki za wengine au maslahi ya umma.

Ukizisoma kwa pamoja utaona mvutano. Ibara ya 3 inaizuia shule ya umma isiwe msikiti wala kanisa. Ibara ya 19 inaizuia isimnyime mwanafunzi ibada yake. Shule inatakiwa kutii zote mbili kwa wakati mmoja.

Historia nayo inasaidia. Kabla ya uhuru, shule nyingi zilikuwa za misheni au za jumuiya mbalimbali. Pugu ilikuwa shule ya Wakatoliki, na ndiko Mwalimu Nyerere alikofundisha. Tambaza ilikuwa shule ya jumuiya ya Aga Khan. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha serikali kuzichukua shule za namna hiyo ili zipokee watoto wote bila kujali dini. Tangu hapo dawati moja la shule ya serikali, liwe Mbagala, Tandika, Manzese au Bunju, linaweza kukaliwa na Muislamu, Mlutheri na Msabato. Swali letu limezaliwa na dawati hilo.

3. Siku zenyewe ni zipi?

Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 35, ndiyo msingi wa mapumziko ya kitaifa. Ukiacha siku za kitaifa kama Muungano (26 Aprili) na Uhuru (9 Desemba), pamoja na Jumapili ya Pasaka ambayo tayari ni siku ya mapumziko, sikukuu za dini ni hizi:

Za Kikristo: Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi (25 Desemba) na siku inayofuata Krismasi (26 Desemba). Jumla siku 4.

Za Kiislamu: Maulid siku 1, Idd-el-Fitr siku 2 na Idd-el-Haj siku 1. Jumla siku 4.

Umeona? Nne kwa nne. Mwanafunzi anayeandika kwamba "dini fulani imependelewa katika idadi ya sikukuu" anaandika bila kuhesabu. Hoja yenye nguvu zaidi kwa upande huo ingekuwa kwamba Jumapili ni siku ya mapumziko kila wiki, wakati sala ya Ijumaa inaangukia katikati ya siku ya masomo. Hiyo ni hoja halali, na jibu lake la kawaida ni ratiba inayoacha nafasi mchana wa Ijumaa.

Sasa piga hesabu nyingine. Siku 2 za Krismasi huangukia likizo ya Desemba. Zinabaki 6. Kalenda ya shule hupangwa kwa siku 194 za masomo kwa mwaka. Hata zote 6 zingeangukia siku za kazi, ni kama siku 3 katika kila 100. Takwimu ndogo kama hii, ukiiweka mahali pake, ina uzito kuliko aya nzima ya maneno matupu.

4. Hoja za kuunga mkono kufunga

(i) Uhuru wa kuabudu hauna maana kama mtu anaadhibiwa kwa kuutumia. Mtoto akilazimika kuchagua kati ya sala ya Idd na daftari la mahudhurio, uhuru wake umebaki kwenye karatasi.

(ii) Walimu nao ni waumini. Kwenye shule ya kata yenye walimu wachache wa sayansi, wawili wakienda kanisani siku ya Ijumaa Kuu, shule imefungwa kwa vitendo hata kama geti liko wazi.

(iii) Siku moja ya wote huondoa lawama. Hakuna anayekosa kipindi, na hakuna mwalimu anayerudia mada.

(iv) Sikukuu hufundisha kuishi pamoja. Katika mitaa ya Temeke na Kinondoni, sahani ya pilau ya Idd huingia nyumba ya Mkristo, na ya Krismasi huingia nyumba ya Muislamu. Mtoto anayebaki nyumbani siku ya sikukuu ya jirani yake hujifunza jambo.

5. Hoja za kupinga kufunga

(i) Dini ni nyingi. Wahindu wana Diwali, na Dar es Salaam ina Wahindu wa vizazi vingi, lakini Diwali haimo katika orodha. Wasabato wana Jumamosi. Ukifunga kwa kila imani, kalenda inakwisha. Ukifunga kwa baadhi tu, wengine watauliza kwa nini.

(ii) Siku zikiongezeka, anayeumia zaidi ni mtoto asiye na uwezo wa kulipia masomo ya ziada. Mwenye mwalimu wa nyumbani hafungi kusoma.

(iii) Serikali isiyo na dini haipaswi kupima ipi ni sikukuu kubwa na ipi ndogo. Kazi hiyo ni ya viongozi wa dini.

(iv) Upo utaratibu mwepesi kuliko kufunga, nao ni ruhusa. Shule inaendelea, muumini anakwenda kuabudu, kisha anafidia alichokosa.

6. Ugumu halisi uko wapi?

Hapa ndipo insha nzuri inapotengana na insha ya kawaida. Siku 8 za sheria hazina ugomvi mkubwa. Shule hufungwa na watu husherehekea. Ugumu uko katika mambo matatu.

*Mwandamo wa mwezi.* Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Idd hurudi nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka. Mwaka 2024 Idd-el-Fitr ilikuwa 10 Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa 31 Machi. Tarehe kamili hujulikana usiku wa kuamkia, Mufti anapotangaza kuonekana kwa mwezi. Mkuu wa shule aliyepanga mtihani wa wiki hiyo anasubiri redio kama wazazi wanavyosubiri. Tena wapo Waislamu wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine, na mara nyingine huswali Idd siku moja kabla ya tangazo la Mufti. Kwa watoto wa familia hizo, Idd inaweza kuwa siku ya masomo. Kufunga shule kisheria hakuwasaidii. Ruhusa ndiyo inayowasaidia.

*Vipindi vya nje ya kalenda.* Wewe wa kidato cha nne unalijua hili vizuri. Kalenda inasema shule imefungwa, lakini darasa lako liko kambini au lina masomo ya ziada Jumamosi. Mwanafunzi Msabato anayekosa Jumamosi nne za Hisabati amekosa mada nzima, ingawa kwa maandishi hakuna siku aliyokosa shule.

*Mitihani.* Ratiba za Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) zimekuwa na angalizo kwamba tarehe ya mtihani ikiangukia sikukuu ya umma, mtihani utaendelea kama ulivyopangwa. Sababu yake inaeleweka: karatasi ni moja kwa nchi nzima, na ikisogezwa kituo kimoja siri imevuja. Lakini gharama yake pia ni halisi. Kwa hesabu za mwezi, Idd-el-Fitr inatarajiwa kuwa karibu na 9 Novemba mwaka 2037, na Novemba ndio mwezi wa mtihani wako. Mtoto aliye mdogo Mbagala siku hizi anaweza kulikuta jambo hilo akiwa sekondari.

7. Majirani waliamuaje?

Mifano miwili ya mahakama itaipa insha yako uzito.

Uganda: wanafunzi Wasabato walikishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa kuweka masomo na mitihani siku ya Jumamosi. Mahakama ya Katiba iliwakatalia mwaka 2003, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo mwaka 2006. Mantiki yake ni kwamba chuo cha umma kina watu wa imani nyingi na rasilimali chache. Hakiwezi kupanga ratiba kwa kila imani.

Kenya: Kanisa la Wasabato lilifungua kesi kuhusu shule za umma zilizowalazimisha wanafunzi wake kushiriki masomo na shughuli za Jumamosi. Lilishindwa Mahakama Kuu, lakini Mahakama ya Rufani mwaka 2017 iliamua kwamba shule lazima zitafute njia ya kuwaachia wanafunzi hao Sabato yao, tangu jua la Ijumaa linapozama hadi linapozama la Jumamosi.

Angalia jambo moja. Kenya haikuamuru shule zifungwe Jumamosi. Iliamuru ruhusa. Kwingineko, jiji la New York nchini Marekani lilichukua njia ya kufunga: mwaka 2015 lilitangaza kuziingiza sikukuu zote mbili za Idd katika kalenda ya shule za umma. Njia zipo zaidi ya moja, na kila moja ina gharama yake.

8. Kujenga msimamo

Unaruhusiwa kuwa na msimamo wowote, mradi uutetee. Msimamo ambao mimi nauona una nguvu ni huu: *shule za umma zifungwe kwa sikukuu zilizotajwa na sheria, zisifungwe kwa nyingine, lakini mwanafunzi yeyote asiadhibiwe kwa kuheshimu siku ya imani yake.*

Maana yake kwa vitendo: barua ya mzazi itoshe kupata ruhusa, jaribio alilokosa mwanafunzi alifanye siku nyingine, masomo ya ziada ya Jumamosi yawe na kipindi cha marudio katikati ya wiki, na wapanga ratiba ya taifa watazame kalenda ya mwezi mapema, kwa kuwa angalau tarehe ya kukadiria hujulikana miaka kabla.

Msimamo huu unatii Ibara ya 3, kwa sababu shule haichagui dini. Unatii pia Ibara ya 19, kwa sababu muumini hanyimwi ibada.

Zingatia

– Usiandike "Waislamu ni wengi" au "Wakristo ni wengi" ukidhani ni ushahidi. Sensa ya 2022 haikuuliza dini. Tena haki ya kuabudu haitegemei wingi. Msabato mmoja darasani anayo sawa na wengine.

– Usitumie lugha ya kejeli kwa imani yoyote.

– Taja hoja ya upande wa pili kisha uijibu. Insha inayoficha hoja za wapinzani inaonekana kuziogopa.

– Andika kichwa cha insha kwa herufi kubwa. Kila aya ya kiini ibebe hoja moja tu.

– Kwako binafsi: ratiba ya mtihani ikitoka, ilinganishe na siku za ibada yako mapema. Ukiona zimegongana, zungumza na mkuu wa shule na kiongozi wako wa dini wiki kadhaa kabla. Asubuhi ya mtihani si wakati wa kuamua.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha "kufunga shule" na "kutoa ruhusa", ukitumia mfano mmoja kwa kila kimoja.

2. "Nchi isiyo na dini haipaswi kuwa na sikukuu za dini." Jadili kwa hoja nne ukirejelea Katiba.

3. Linganisha uamuzi wa Uganda wa 2006 na wa Kenya wa 2017. Upi ungefaa zaidi shule yako, na kwa nini?

4. Wewe ni kiranja mkuu. Kambi ya kidato cha nne imepangwa kuendelea siku ya Idd-el-Fitr na Jumatatu ya Pasaka. Mwandikie mkuu wa shule barua rasmi ukipendekeza utaratibu usiomuumiza mwanafunzi yeyote.