WALIMU WANAUME KATIKA SHULE ZA MSINGI: KENYA NA UGANDA

Mzazi wa Milimani, katika mji wa Nakuru, apelekapo mtoto wake shule ya msingi, huwakuta walimu wanawake kwa wingi kuliko wanaume. Mzazi wa Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, huona kinyume chake. Nchi hizi mbili ni majirani, na shule nyingi za kwanza katika kila nchi zilianzishwa na misheni. Basi tofauti hiyo yatoka wapi?

Kwanza yafaa kutazama hesabu kwa uangalifu. Karibu na mwaka 2016 kila nchi ilihesabiwa kuwa na walimu wa msingi wapatao 200,000 hivi. Lakini hesabu ya Kenya ilikuwa ya shule za serikali peke yake, na ile ya Uganda ilichanganya shule za serikali na za watu binafsi. Mkulima wa Njoro hawezi kujisifu kwamba amemshinda jirani yake kwa magunia ya mahindi, kama hakuuliza kwanza kila mmoja alilima ekari ngapi. Vivyo hivyo, idadi ya walimu wanaume haifahamiki vema mpaka ijulikane ni wangapi katika kila walimu mia. Huko Uganda walikuwa baina ya 55 na 60. Kenya walipungua kidogo kuliko 50.

Sababu ya kwanza ni elimu ya wasichana. Mwalimu hupatikana kwa mtu aliyekwisha kusoma sekondari, na mahali ambapo wasichana huacha masomo mapema, wenye vyeti huwa ni wanaume. Uganda ilipoondoa karo ya shule za msingi mwaka 1997, wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5, na walimu wakahitajiwa upesi. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2003, na wanafunzi wakatoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2.

Sababu ya pili ni nyumba na barabara. Mwalimu mwanamke mwenye watoto hakubali kwa urahisi kukaa mahali pasipo nyumba salama wala maji. Ushahidi wa jambo hili umo ndani ya Kenya yenyewe: Turkana, Wajir na Mandera zina walimu wanaume wengi kuliko wanawake, ilhali Nakuru ni kinyume. Kwa hiyo mpaka unaotenganisha walimu si ule wa Kenya na Uganda tu. Ni ule ulio baina ya mahali penye barabara na mahali pasipo nayo.

Jambo hili si la kuchezea. Msichana wa shule isiyo na mwalimu mwanamke hana wa kumweleza habari za mwili wake, na pengine huacha masomo kwa ajili hiyo. Naye akiacha, kijiji kimepoteza mwalimu wa kesho, na hesabu itabaki vilevile kwa miaka mingine ishirini.

Wahenga walisema: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Walimu wanawake wanaoonekana Milimani waliundwa na wazazi waliowasomesha binti zao. Kijiji kitakacho walimu kama hao kianze kwa kumwacha binti amalize shule, na kwa kujenga nyumba ya mwalimu.