Sura ya Sita: Umeme wa Tangi la Chambo Hai

Mtu anayejitengenezea tangi la chambo hai kwa ajili ya mtumbwi wake huanza na swali la betri: iwe kubwa kiasi gani, na itachajiwa wapi? Sura hii inadai kwamba swali hilo huja mwisho. Kinachopaswa kuhesabiwa kwanza ni pumzi ya samaki waliomo ndani ya tangi. Ukishaijua, betri inayohitajika mara nyingi huwa ndogo kuliko ile ambayo mwenye mtumbwi alikuwa tayari kuinunua. Mfano wetu ni Kanyabayonga, mji wa Kongo ulio ukingoni mwa Bonde la Ufa kwenye barabara kuu ya taifa namba 2, kati ya Goma na Butembo. Ukisimama pale, chini yako kuna tambarare ya Rwindi, na mbele yake Ziwa Edward lenye vituo vya uvuvi vya Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Ziwa hili halina sangara kama Victoria. Samaki wanaofuatwa kwa kamba ndefu za ndoano ni Bagrus, yule mwenye masharubu marefu, pamoja na kambale na kamongo, na hao huvutwa zaidi na chambo kinachotikisika kuliko kipande cha nyama kilicholegea. Katika Ziwa Victoria wavuvi wa sangara wamelijua jambo hilo kwa muda mrefu: vifaranga wa kambale wamekuwa bidhaa sokoni, na kuna watotoleshaji wanaowauza kwa ajili ya ndoano tu.

Tuchukue tangi la lita 50, lililokatwa kutoka kwenye pipa la plastiki la bluu linalouzwa kila soko, na ndani yake kilo moja ya chambo, yaani samaki mia moja wa gramu kumi kumi. Ziwa Edward liko mita 900 na ushee juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ina takribani asilimia 90 tu ya mgandamizo wa pwani. Maji ya nyuzijoto 26 ambayo Mombasa yangebeba oksijeni miligramu 8 hivi kwa lita, hapa hubeba miligramu 7 na kidogo yakiwa yameshiba kabisa. Tangi zima basi lina miligramu 360 za oksijeni. Kilo moja ya samaki wadogo katika joto hilo hutumia kati ya miligramu 300 na 500 kwa saa, na wakishtuliwa kwa wavu na mtikisiko wa safari hutumia zaidi. Wala hawawezi kuimaliza yote: samaki wengi huanza kutaabika maji yakishuka chini ya miligramu 3 kwa lita. Ukipiga hesabu utaona kwamba tangi lililofunikwa na kuachwa bila msaada lina nusu saa ya salama, au dakika arubaini. Si ajabu chambo hufa kabla ya ndoano ya kwanza kuguswa na maji, na lawama akatupiwa aliyewauza.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha njia mbili za kupunguza haja ya umeme kabla ya kutoa hata faranga moja kwa ajili ya vifaa. Ya kwanza ni joto. Maji yakipanda kutoka nyuzi 25 hadi 30, oksijeni inayoweza kuyeyuka hupungua, na papo hapo samaki huhitaji zaidi. Gunia lililoloweshwa likafunikwa juu ya pipa hufanya kazi ambayo pampu kubwa ingehangaika nayo. Ya pili ni aina ya samaki. Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua yake, na akishapita wiki chache za mwanzo huweza kupanda juu, kumeza hewa na kurudi chini. Anachohitaji ni nafasi ya hewa kati ya maji na kifuniko, wala si pampu ya kumfanyia kila kitu. Anayetumia samaki wadogo wa aina ya Haplochromis, wanaotegemea matamvua peke yake, amechagua bili kubwa ya umeme bila kujua. Hata hivyo kambale naye hachafui maji kidogo kuliko wengine. Amonia hujilimbikiza, na hakuna kiputo cha hewa kinachoiondoa. Maji lazima yabadilishwe. Asipewe chakula kutwa nzima kabla ya safari, na tatizo hilo hupungua sana.

Baada ya hapo ndipo tufike kwenye pampu. Wengi hupendelea pampu ndogo ya kutolea maji mtumbwini, ile ya volti 12 inayoandikwa lita 1,900 kwa saa. Huvuta ampea 2 hivi, yaani wati 24. Ikiachwa inazunguka saa 12 itakula wati-saa 288, na kwa betri ya risasi, ambayo haipaswi kushushwa chini ya nusu, utahitaji betri ya gari. Lakini je, samaki wanahitaji maji yote hayo? Kilo yetu ikitumia miligramu 400 kwa saa, na kila lita mpya ikileta miligramu 3 na kidogo za ziada, lita 120 kwa saa zinatosha. Pampu ile, hata ikitoa lita 1,200 tu baada ya kupandisha maji hadi kwenye tangi, ingefanya kazi dakika moja katika kila kumi. Taima ndogo ya kielektroniki ikiiwasha na kuizima hivyo, wastani wa matumizi hushuka hadi wati 2.4. Betri ya gari imegeuka kuwa ya kubebwa kwa mkono mmoja, na kilichobadilika ni taima peke yake.

Pamoja na hayo, kwa tangi la kutolewa na kurudishwa mtumbwini mimi huchagua pampu ya hewa, na sababu yangu ni barabara. Chambo kinachofugwa kwenye bwawa la nyanda za juu za Lubero hakianzi safari ziwani. Kinaanza nyuma ya pikipiki, kinateremka ukingo wa bonde, kinasubiri ufukweni hadi jioni, ndipo kinapakiwa mtumbwini. Pampu ya maji haina ziwa la kuvuta juu ya pikipiki. Pampu ya hewa yenye jiwe la kutawanya viputo hufanya kazi njia nzima, na zile za volti 12 zenye wati 3 zinatosha tangi la ukubwa huu, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuutikisa uso wa maji ili hewa iingie. Maji mapya ya ziwa yaongezwe kwa kopo, kidogo kidogo, mara tangi linapofika ufukweni. Vifaranga waliotoka kwenye maji ya baridi ya mlimani wakimwagiwa ghafla maji ya nyuzi 26 huweza kufa hata kama oksijeni ni tele. Pampu yenyewe ifungwe juu ya usawa wa maji, la sivyo itakapozimwa maji yatarudi kwa mpira na kuiingia.

Wati 3 kwa saa 12 ni wati-saa 36. Betri ya risasi iliyofungwa, ya volti 12 na ampea-saa 7, ile inayotumika kwenye vinyunyizio vya mgongoni na vifaa vya kulinda kompyuta umeme unapokatika, hubeba wati-saa 84. Nusu yake ni 42. Inatosha, na uzito wake ni kilo mbili na ushee. Betri ya pikipiki, iliyojaa Butembo kwa sababu ya wingi wa motari, inafanana nayo kwa umbo lakini imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiifanyisha kazi ya polepole usiku kucha na kuishusha kila mara, haitamaliza msimu. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfati ni nyepesi zaidi na huvumilia kushushwa sana, ila chaja yake iwe ya kwake. Kuna pia pampu za hewa za volti 5 zinazotumia chaja ya mfukoni ya simu. Hapo msomaji asome lebo kwa makini: chaja iliyoandikwa mAh 10,000 hupimwa kwa volti 3.7 za ndani, hivyo ina wati-saa 37, wala si 50, na baada ya hasara za kugeuza volti hubaki kama 30. Kwa pampu ya wati 1.5 hizo ni saa ishirini. Kwa nusu kilo ya kambale sioni sababu ya kutafuta kingine.

Atasema mtu: mtumbwi una moteri, kwa nini tusivute umeme humo? Moteri nyingi za mitumbwi midogo huwashwa kwa kuvuta kamba na hazina chaja ya betri. Hata ile iliyo nayo huchaji injini ikizunguka tu, ilhali chambo huhitaji hewa zaidi wakati mtumbwi umesimama na wavuvi wanaweka ndoano. Na tangi lililofungwa kwa nyaya kwenye moteri halitolewi tena kwa urahisi. Limeshakuwa sehemu ya mtumbwi. Tangi la kutolewa libebe umeme wake lenyewe. Kuchaji kufanyike nchi kavu mchana: paneli ya sola ya wati 20, hata kwa saa nne tu za jua zuri, hutoa wati-saa 80, na ukiondoa hasara za kidhibiti na za betri bado unarudisha zile 36. Umeme wa maji wa Virunga, uliofika Mutwanga mwaka 2013 na kutoka kituo cha Matebe huko Rutshuru mwaka 2015, haufiki kila ufuo. Tena Kanyabayonga iliingia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 28 Juni 2024, na mahali ambapo barabara hufungwa pasipo taarifa, kifaa kinachosubiri kipuri kutoka mbali ni kifaa kilichokufa. Hiyo ndiyo hoja yangu nyingine ya kutumia betri inayopatikana katika duka lolote la vifaa vya sola.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wazee wa ziwa: kapu lenye matundu lililoning'inizwa ubavuni mwa mtumbwi halidai betri wala paneli. Ni kweli, na kwa anayepiga kasia karibu na ufuo, akipata chambo chake palepale ziwani, kapu linashinda kila kilichoelezwa hapo juu. Udhaifu wake huonekana mtumbwi ukienda kwa moteri. Maji yanalipiga kapu, samaki wanagandamizwa upande mmoja na kuchubuka magamba, na mtumbwi wenyewe unavutwa pembeni. Katika safari ya pikipiki kapu halina nafasi kabisa. Kwa hiyo umeme ni wa mwenye safari ndefu na chambo cha bwawani, na asiye na hayo mawili asiingie gharama.

Uzito unahitaji neno kali kuliko umeme. Lita 50 za maji ni kilo 50, nazo hazitulii kama abiria: mtumbwi ukiinama, maji hukimbilia upande ule ule na kuuongezea mwinamo. Tangi likae katikati na chini kabisa, lijazwe karibu na juu, na ndani yake kuwe na ubao wa kukata mawimbi wenye matundu. Kambale akiachiwa kidole kimoja au viwili vya hewa anatosheka. Ama nyaya, fyuzi ya ampea 5 iwekwe karibu na ncha chanya ya betri, si karibu na pampu, kwa sababu inalinda waya. Waya wa milimita-mraba 1.5 kwa umbali wa mita mbili hupoteza volti ndogo isiyohesabika. Waya mwembamba wa spika, kwa pampu ya ampea 2, unaweza kukunyima zaidi ya nusu volti. Betri ikae kwenye sanduku lake, mbali na bidoni la petroli, maana cheche moja ya kiungio kilicholegea inatosha kuuwasha mvuke wake.

Limebaki suala la chambo chenyewe. Ziwa Edward, kwa sehemu kubwa ya upande wa Kongo, limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, na kuvua vifaranga kwenye mazalio ni kosa ambalo limechangia kupunguza mavuno ya nyavu zote ziwani. Tangi zuri likijazwa vifaranga wa tilapia waliokokotwa kwa chandarua ufukweni, ufundi wake wote umetumika kuharakisha uharibifu huo. Vifaranga wa kambale wa bwawani ndio chambo halali, ndio pia wanaohitaji umeme mdogo kuliko wote. Anayetaka kuanza, aanze nao: pipa la lita 50, nusu kilo ya samaki, pampu ya wati 3, betri ya ampea-saa 7, fyuzi moja. Kabla ya kulipakia mtumbwini, liwashwe usiku mmoja uani, na asubuhi betri ipimwe baada ya kupumzishwa. Ikisoma volti 12.2 au zaidi, inatosha.