MIZINGA YA MBAO ILIYOWATISHA WAINGEREZA KASANGA

Ukitaja mizinga ya vita ya kulinda pwani au ya kutungulia ndege, wengi wanawaza Dar, Tanga au Mombasa. Sisi wa Sumbawanga tunaonekana watu wa mahindi na maharage tu. Lakini jamani, na sisi pwani tunayo! Teremka kutoka huku juu Ufipa, pitia Matai, kama kilomita 100 na ushee, unafika Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo yalipo magofu ya boma la Mjerumani, alilolipa jina la Bismarckburg.

Kwa nini ajenge pale? Ziwa lilikuwa mpaka. Upande huu Mjerumani, ng'ambo Mbelgiji wa Kongo, kusini Mwingereza, ambako leo ni Zambia. Mwenye ziwa ndiye anayepitisha askari na chakula. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914, mbabe alikuwa Mjerumani. Alikuwa na meli Kingani na Hedwig von Wissmann, na 1915 akaongeza Graf von Götzen, ambayo ndiyo hii hii Liemba yetu.

Mwingereza naye akaleta boti mbili ndogo za mbao, Mimi na Toutou. Zilishushwa Cape Town, zikapanda treni, halafu zikakokotwa na matrekta na ng'ombe kwenye milima ya Kongo mpaka ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikazamishwa. Juni 1916 vita ikapanda mpaka angani: ndege za Wabelgiji zinazotua majini zikadondosha mabomu Kigoma.

Sasa njoo Kasanga. Tarehe 5 Juni 1916 mkuu wa boti za Waingereza, Spicer-Simson, alifika mbele ya boma. Jeshi lao lingine lilikuwa linakuja kwa nchi kavu, kazi yake yeye ilikuwa kuziba njia ya maji. Akatazama juu, akaona mizinga imemwelekea. Akageuza, akaondoka zake kusini. Wajerumani wakapata upenyo, usiku wakapanda vyombo vyao vidogo wakatoweka. Tarehe 8 jeshi la nchi kavu likaingia ndani ya boma. Ile mizinga? Mbao tupu!

Usicheke haraka. Ukiwa majini, mbali, unaona mdomo wa mzinga tu, huwezi kuugonga usikie kama ni chuma. Na ukiwa kwenye boti ya mbao, kombora moja tu linakumaliza. Nani ajaribu? Hata Götzen huko Kigoma ilivuliwa mzinga wake mkubwa, uliotoka kwenye manowari Königsberg, ili ukatumike kwingine. Ikavalishwa wa mbao. Mjerumani alikuwa ameishiwa.

Ndiyo maana leo Kasanga usitegemee kukuta mizinga. Kilichobaki ni mawe na kuta.

Na hapa ndipo ninapotaka tuelewane, vijana wenzangu. Kuna stori kwamba Wajerumani walifukia dhahabu na rupia kwenye maboma yao, na wapo wanaobeba sururu kwenda kuchimba magofu ya namna hii. Hebu fikiri kidogo: jeshi lililofikia kuchonga mizinga ya mbao, likakimbia usiku, lilikuwa na dhahabu ya kuacha? Unachoangusha ni ukuta, na ukuta ukianguka haurudi tena. Halafu kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kuchimbua mabaki bila kibali ni kesi.

Hazina yenyewe ni hii stori, na ushahidi wake ni yale mawe. Mgeni akija kuyaona atahitaji wa kumwonyesha, wa kumpikia migebuka na wa kumlaza. Hela ipo hapo, siyo chini ya msingi.

Kama babu yako wa Kasanga au Matai alikusimulia vita hiyo, tuandikie hapo chini. Tupo pamoja.