Maambukizi baada ya upasuaji wa mifupa iliyovunjika

Maambukizi baada ya upasuaji wa mifupa iliyovunjika hutokea pale bakteria wanapozaliana kwenye jeraha, kwenye mfupa au kwenye vyuma vilivyowekwa kuushikilia. Kidonda huvimba, huuma na mara nyingi hutoa usaha, na mfupa huchelewa kuunga. Dalili zinaweza kuonekana baada ya siku chache au baada ya miezi mingi.

Bakteria wanaopatikana mara nyingi zaidi ni Staphylococcus aureus, ambao huishi kwenye ngozi na puani mwa watu wengi wenye afya. Wakifika kwenye chuma hujifunika utando ambao dawa hupenya kwa shida. Kwa hiyo wagonjwa wengine hulazimika kupasuliwa tena.

Hatari hutegemea sana jeraha lenyewe. Mfupa uliovunjika bila ngozi kupasuka huambukizwa mara chache. Kwa mfupa uliovunjika na kidonda juu yake, madaktari hutumia mpangilio wa Gustilo na Anderson wa mwaka 1976: daraja la kwanza ni kidonda safi kisichofikia sentimita 1, la tatu ni nyama zilizoharibika vibaya, kama inavyotokea katika ajali nyingi za pikipiki. Mfupa wa muundi huathirika zaidi kwa sababu upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi tu, na damu inayoufikia ni kidogo.

Kinga iliyo muhimu kuliko nyingine ni antibiotiki kutolewa mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja baada ya kufika hospitali. Kisha kidonda husafishwa na nyama iliyokufa huondolewa. Sabuni haisaidii: utafiti wa wagonjwa zaidi ya 2,400, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa waliooshwa kwa maji ya chumvi peke yake walihitaji kurudiwa upasuaji mara chache kuliko waliooshwa kwa sabuni.

Upande wa mgonjwa, hatari huongezwa na kisukari, utapiamlo, unene uliokithiri na uvutaji wa sigara, kwani nikotini hubana mishipa ya damu. Ajali haimpi mtu muda wa kujiandaa, lakini sukari inaweza kudhibitiwa akiwa wodini, na sigara inaweza kuachwa siku hiyohiyo.