Kadi Iliyokatwa Kingo

Huenda mmepata kusikia kwa watoto wenu kuwa huko Marekani kipande cha karatasi chenye picha ya mchezaji huuzwa kwa bei ya nyumba nzima. Wazee husema ni upuuzi, na vijana husema ni bahati. Sisi twaona kuwa jambo hili lina somo kwa wote, kwa hiyo twawaeleza lilivyo.

Kati ya mwaka 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco Company ilikuwa ikitia katika paketi za sigara kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa besiboli. Mmoja wao, Honus Wagner, alikataa, na kadi yake ikakomeshwa upesi. Wako wasemao kuwa hakupenda watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya picha yake. Wengine husema alitaka alipwe. Kwa vyovyote, zilizosalia ni chache mno. Mwezi wa Agosti 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Lakini uchache peke yake hautoshi. Kama karafuu zetu zipangwavyo madaraja kabla ya kununuliwa, ndivyo na kadi zipangwavyo. Wapimaji hutazama mambo manne: pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Kisha huipa kadi daraja toka 1 mpaka 10, na kuifungia katika kasha gumu la plastiki lenye namba. Haja ya kazi hii ilizidi ilipoenea biashara ya intaneti, kwani mnunuzi yuko mbali, hawezi kuishika bidhaa wala kuigeuza. Hutegemea picha na neno la muuzaji.

Basi sikilizeni yaliyotokea. Kampuni ya PSA ilipoanza kazi hiyo mwaka 1991, kadi ya kwanza iliyoipima ilikuwa ya huyo Wagner, ikaipa daraja la 8. Mwaka huo huo mchezaji mashuhuri Wayne Gretzky na mwenziwe walikuwa wameinunua kwa dola 451,000. Mwaka 2007 ikafika dola milioni 2.8. Muda wote huo watu walinong'ona kuwa kingo zake zimenyooka kupita kiasi. Mwaka 2013 Bill Mastro, aliyekuwa mkuu wa nyumba ya minada, alikiri mahakamani kuwa alizikata kingo zile, na alipoiuza hakusema. Alikiri pia kuwa katika minada yake zilitiwa bei za uongo ili kuwapandishia wanunuzi. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20.

Kupandisha bei bila nia ya kununua mafakihi wetu huliita najshi, na limekatazwa. Kuficha aibu ya bidhaa nako kumekatazwa. Hayakuhitaji intaneti ili yajulikane. Yalikuwako sokoni tangu zamani.

Enyi vijana mnaouza vitu kwa simu, iwe ni kadi, stempu au sarafu za kale, yatupasa kuwausia haya. Kwanza, piga picha mbele na nyuma, kwenye mwanga mzuri, na kila pembe ionekane. Pili, palipo na mkunjo au doa, paandike kwa maneno, usiiachie picha iseme peke yake. Tatu, usisafishe wala kukata ili kupendezesha. Nne, tazama vitu vya namna hiyo vimeuzwa kwa kiasi gani, wala si wauzaji wanadai kiasi gani. Tano, hesabu ada ya mpimaji na ya posta, kwani kadi nyingi hazina thamani ya kurudisha gharama hiyo.

Na wewe mnunuzi, itafute namba ya kasha katika daftari la kampuni iliyoipima, ulinganishe na kadi uionayo, kwani makasha nayo huigizwa.

Tumeona kuwa kadi yenye daraja la 8 ilikuwa na siri ndani yake, na aliyeijua siri hiyo alikuwa muuzaji. Kwa hiyo cheti cha mpimaji hakimwondolei muuzaji wajibu wake. Anayejua aibu ya bidhaa na aiseme, hata kama bei itashuka.