Mjumbe wa bodi ya maktaba halipwi, lakini anadaiwa

Na Mwandishi Wetu

MZALIWA wa Tukuyu anayeishi Dar es Salaam anapopigiwa simu na kuelezwa kwamba wazee wa nyumbani wamempendekeza awe mjumbe wa bodi ya mfuko wa maktaba, jibu la kwanza kumjia huwa ni shukrani. Huiona nafasi hiyo kuwa heshima: jina lake kwenye barua, kiti cha mbele siku ya ufunguzi na pengine picha ya pamoja na mgeni rasmi.

Ni wachache wanaouliza swali la pili. Mgeni rasmi akishaondoka, mjumbe huyo atadaiwa nini, na nani atamdai?

Swali hilo ni zito, kwa sababu maktaba nyingi za jamii hazifi kwa kukosa vitabu. Hufa kwa kukosa watu wanaojua kwamba jukumu ni lao. Makala haya yanaeleza kazi ya mjumbe wa kujitolea kwa kuchukua mfano wa mfuko wa kufikirika katika Kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, kata ambayo isichanganywe na mji mkongwe wa Bagamoyo ulioko mkoani Pwani.

Bodi mbili, kazi mbili

Kwanza ni vyema kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Maktaba za umma nchini zinasimamiwa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, chombo cha Serikali kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 39 ya mwaka 1963, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Sheria Na. 6 ya mwaka 1975. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na huduma hiyo ikaenea mikoani, Mbeya ikiwamo.

Mfuko wa hisani wa maktaba ni kitu kingine. Hao ni raia wanaokusanya michango, wanaitunza na kuitumia kuongeza pale ambapo bajeti ya Serikali au halmashauri haifiki. Hawamwajiri mkutubi wa Serikali wala hawamfukuzi. Hawapangi vitabu rafuni. Kazi yao ni kuhakikisha kwamba fedha iliyotolewa kwa ajili ya maktaba imefika kwenye maktaba, na kwamba mwakani itakuwapo nyingine.

Mjumbe anayesahau mpaka huo huanza kutoa amri kwa mkutubi, naye mkutubi huanza kumkwepa. Hapo bodi hupoteza mtu pekee anayejua kwa uhakika wasomaji wanahitaji nini.

Sheria inasemaje

Njia mojawapo ya kuupa mfuko uhai wa kisheria ni kusajili wadhamini wake chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, kazi inayofanywa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Wadhamini wakishasajiliwa huwa chombo kimoja machoni pa sheria. Chombo hicho kina lakiri yake, kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na hakifi mjumbe mmoja anapofariki au kuhama.

Faida yake ni kubwa. Kiwanja cha maktaba kikiandikwa kwa jina la mzee mmoja aliyeheshimika, siku mzee huyo akifariki warithi wake wanaweza kudai kwamba ni cha kwao. Kikiandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, msiba hauihamishi maktaba.

Njia nyingine ni kujisajili kama shirika lisilo la kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, inayodai taarifa za kazi na za fedha kila mwaka. Sheria zote mbili zilifanyiwa marekebisho mwaka 2019, hivyo ni busara kumwona mwanasheria kabla ya kuchagua.

Ama kuhusu malipo, kanuni ya udhamini ni ya siku nyingi: mdhamini hapaswi kujinufaisha na mali anayoitunza. Anaweza kurudishiwa gharama halali, kama vile nauli ya kutoka Mbeya kwenda Tukuyu kuhudhuria kikao. Lakini nauli si posho. Mfuko unaolipa posho kwa wajumbe kumi mara nne kwa mwaka hugeuka taratibu kuwa mfuko wa wajumbe.

Aidha, kujitolea si kisingizio. Mdhamini aliyetumia fedha za mfuko kinyume cha madhumuni yake anaweza kutakiwa kuzirudisha kutoka mfukoni mwake, na kwamba hakuwa akilipwa mshahara hakumfutii deni.

Mvua ya Rungwe na daftari la fedha

Watu wengi wakisikia maktaba hufikiria vitabu. Mjumbe makini hufikiria paa. Milima ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha chai, ndizi na viazi, lakini pia huleta unyevu unaokunjisha kurasa na kuotesha ukungu. Shehena ya vitabu kutoka ng'ambo inaweza kuharibika katika msimu mmoja ikiwa imehifadhiwa kwenye chumba kinachovuja.

Kwa hiyo bodi inapaswa kujua nani anashika ufunguo, nani analipa umeme wa jioni wakati wanafunzi wa kidato cha nne wanapojiandaa kwa mtihani, na mlinzi atalipwa kutoka fungu gani baada ya mwaka wa kwanza. Ni maswali yasiyo na shangwe, na hayaulizwi siku ya uzinduzi.

Mfadhili Andrew Carnegie, ambaye fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani, aliliona jambo hilo mapema. Kwa kawaida hakutoa fedha za jengo mpaka mji husika utoe kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka kiasi kisichopungua asilimia 10 ya gharama za ujenzi kwa ajili ya uendeshaji. Jengo lilikuwa zawadi yake. Uhai wa maktaba ulikuwa wajibu wa wenyeji.

Jambo jingine ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi michango mingi hutumwa kwa simu, na mara nyingi huingia kwenye namba binafsi ya mweka hazina. Mweka hazina huyo anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini hana namna ya kuuthibitisha uaminifu wake, kwa sababu fedha za maktaba zimechanganyika na za karo na za sokoni. Akaunti kwa jina la mfuko, watia saini wasiopungua wawili wasio ndugu, na taarifa inayosomwa mbele ya wachangiaji humlinda yeye kabla ya kuwalinda wengine.

Funzo kutoka Nairobi

Mfano halisi wa wadhamini na maktaba, wenye mazuri na machungu yake, uko Nairobi. Maktaba ya kumbukumbu ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, ikijengwa kwa juhudi za Lady Lucie McMillan kumkumbuka mumewe, na kwa msaada wa shirika la Carnegie. Mwaka 1938 ilitungiwa sheria yake yenyewe. Hata hivyo, katika miongo yake ya mwanzo ilikuwa ya Wazungu pekee. Waafrika waliokuwa wengi mjini hawakuruhusiwa kusoma humo. Mwaka 1962 ilikabidhiwa kwa halmashauri ya jiji.

Funzo la kwanza ni kwamba udhamini ulio imara kisheria hautoshi. Bodi inaweza kuitunza mali kwa uaminifu mkubwa huku ikimfungia nje mwenye haki ya kuitumia. Katika mfuko wetu wa Tukuyu, wajumbe wote wakiwa wanaume wastaafu wanaoishi mijini, nani atasema kwamba saa za kufungua haziwafai wasichana wenye kazi za nyumbani jioni?

Funzo la pili ni la karibuni. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha taasisi ya Book Bunk, na mwaka 2018 ikaingia makubaliano na Kaunti ya Nairobi ili kuzikarabati maktaba ya McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Maktaba ziliendelea kuwa mali ya kaunti. Taasisi ilitafuta fedha na utaalamu, na matawi hayo mawili yakakarabatiwa na kufunguliwa upya. Mpaka kati ya mwenye mali na msaidizi uliwekwa kwa maandishi kabla ya nyundo ya kwanza kugonga.

Kabla ya kukubali

Anayepigiwa simu hiyo kutoka nyumbani hana sababu ya kukataa. Ana sababu ya kuuliza. Kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani? Katiba ya mfuko iko wapi, na ujumbe hudumu miaka mingapi? Hesabu za mwaka uliopita zilikaguliwa na nani? Je, kuna mjumbe ambaye duka lake au kampuni yake ndiyo inayouzia maktaba mbao na saruji? Ikiwa yupo, hutoka nje wakati jambo hilo linapojadiliwa?

La mwisho ni kuhusu yeye mwenyewe: anaweza kuhudhuria vikao vinne kwa mwaka, kusoma taarifa ya fedha hadi mwisho na kumuuliza swali mzee anayemheshimu bila kumvunjia adabu? Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote katika miji yetu midogo, ambako mwenyekiti anaweza kuwa mwalimu aliyekufundisha kusoma. Lakini mwalimu huyo alikufundisha kusoma ili siku moja uisome hata taarifa yake ya fedha.

Mjumbe asiyeweza kufanya hayo asaidie kwa njia nyingine: achangie vitabu, alipe umeme wa mwezi mmoja, na amwachie kiti mtu aliye karibu na paa linalovuja.